Maji ya Matanga Hayauzwi

Mimi maji nayapima kwa sabuni. Nipe karai na kipande cha sabuni ya mche, nitakwambia kabla hujayaonja kama ni ya mvua, ya mfereji au ya kisima kilicho karibu na bahari. Maji matamu na sabuni hupatana. Povu huinuka na likakaa. Maji ya chumvi huikataa, yanaigeuza kama uji uliokatika, na nguo ukiianika inakauka ngumu, inakukwaruza shingo. Elimu hii sikuipata shuleni. Niliipata katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Shanzu, nilikofua na kupiga pasi shuka za wageni hadi vidole vyangu vikazeeka kabla ya uso wangu.

Hotelini maji yalikuwa hayaishi. Yalikuwepo ya kuoga, ya kuogelea, na ya kunyunyizia nyasi ambazo hakuna mbuzi aliyeruhusiwa kuzila. Jioni sisi wafuaji tulitoka na chupa mbili tatu za maji mkobani, na askari wa langoni, aliyewekwa kutafuta sabuni na taulo za wizi, akizikuta hugeuza uso pembeni. Naye alikaa huku huku Kisauni, na mfereji wake ulikuwa mkavu kama wangu. Maana mfereji tunao, tena wenye mita. Ukiufungua unapiga mluzi, upepo unatoka, na mita inazunguka kwa upepo huo. Maji yenyewe huja yakipenda, na siku yakija utakuwa kanisani au sokoni Kongowea.

Kisha ukaja ule ugonjwa uliofunga mahoteli. Wageni wakaenda zao, na walipoanza kurudi, hoteli ikagundua kwamba mashine zinaweza kufua bila mimi. Nikapewa mkono wa kwaheri na kiinua mgongo. Mume wangu alikuwa amekwisha kustaafu kazi ya kuendesha malori ya kontena kutoka bandarini, na alichopewa yeye kilikwisha zamani kwa karo. Watoto wana watoto wao, kila mmoja na mzigo wake. Kwa hivyo kile kiinua mgongo changu ndicho kilikuwa uzee wetu, wote wawili, na hapakuwa na mwingine tuliouficha mahali.

Wakati huo ndipo alipoletwa kanisani kwetu kijana mmoja wa suti, atufundishe kuhusu fursa. Neno hilo alilitamka kama mtu anayenyonya peremende. Kuku wana fursa, viwanja vina fursa, lakini hakuna fursa inayoshinda maji, kwa sababu mtu anaweza kuahirisha nyumba na akaahirisha nyama, ila kiu hawezi kuiahirisha. "Palipo na uhaba ndipo penye utajiri," akasema, na wazee wakapiga makofi. Mimi niliketi nyuma nikiwaza kwamba uhaba nimeishi nao tangu niolewe, na huo utajiri haujawahi hata kunipigia hodi. Lakini nilipiga makofi. Mtu aliyebeba maji kichwani maisha yake yote, ukimwambia kuna siku atayauza, lazima moyo umwende mbio.

Tukachimba. Mashine ilikuja na kelele zake, ikatoboa mwamba uani kwetu, vumbi jeupe likafunika mihogo ya jirani. Siku maji yalipotoka nilileta karai langu mbele ya watu wote. Povu likapanda mpaka kwenye kiwiko. Nililia. Mume wangu, ambaye kilio chake hukificha nyuma ya kikohozi, siku hiyo alikohoa sana.

Fundi alitueleza jambo moja na akalirudia, maana alikwisha kuwajua watu. Haya maji matamu ni tabaka tu, yameelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiyachota polepole utayala miaka na miaka. Ukiukandamiza upawa, mchuzi unapanda. Kwa hivyo pampu ipige asubuhi kidogo na jioni kidogo, na katikati kisima kilale.

Mume wangu alilipokea neno hilo kama Amri ya Kumi na Moja. Aliweka kiti chake cha plastiki kando ya swichi ya pampu, na hakuna mwingine aliyeigusa. Tangi likiisha, limeisha. Wenye mikokoteni, walionunua kwetu wakachuuze mitaani, walimsihi. Wapangaji wa nyumba za nyuma walimtukana kwa ile adabu ya pwani, ambayo hutambui kwamba umetukanwa mpaka ufike nyumbani. Dada yangu mwenyewe alikuja mchana mmoja na mtungi mmoja tu, ana mgonjwa ndani, akajibiwa, "Shemeji, kisima kimelala. Njoo alasiri." Dada alininunia muda mrefu. Nilimkasirikia mume wangu kwa ukali ule, na kwa ukali ule ule nilimheshimu, kwa sababu ndio uliotulisha. Tulikula, tukanunua dawa, tukaezeka upya paa la jikoni, na nikaanza kuamini kwamba uzee wetu umekaa vizuri huko chini ya mwamba.

Halafu mvua zikakosekana huko juu, Ganze na Bamba, ambako ndiko asili ya watu wengi wa mtaa wetu. Vuli ilipita kavu, na masika ilichungulia tu ikarudi ilikotoka. Tukasikia ng'ombe wanakufa wamesimama, mabwawa yamebaki tope, wanawake wanalala kwenye foleni ya maji. Kanisani tukachanga unga na nguo, tukatuma, tukadhani tumemaliza wajibu wetu.

Jirani yetu, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa Bamba. Akafa ghafla, akiwa anafunga viatu aende ibadani. Desturi ingekuwa arudishwe kwao akazikwe karibu na babake. Lakini huko hapakuwa na maji hata ya kuwapikia uji waliaji. Familia ikaketi, ikaamua azikwe hapa hapa kiwanjani kwake, na waliaji ndio waje. Kwa hivyo ukame wa Bamba ukateremka Kisauni, ukaja kukaa nyuma ya ukuta wangu.

Asiyekuwa mtu wetu inabidi nimweleze. Kwetu maji ya matanga hayauzwi. Mwenye kisima ambaye jirani yake amefiwa hufungua, na hafungi mpaka matanga yaanuliwe. Hakuna anayekuja kukukumbusha, kama vile mtu mzima hakumbushwi kufumba mdomo anapotafuna. Na mgeni wa matanga haulizwi anaondoka lini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hawakumkusudia mtu aliyekuja kulia.

Mume wangu alitoa mpira mrefu kutoka tangini, akaupitisha juu ya ukuta, akaufungua. Maiti ikaoshwa, masufuria yakajazwa, na mpaka hapo sikuwa na neno. Kisha malori yakaanza kufika kutoka Bamba. Waliteremka wanawake wenye leso zilizopauka, wazee wa kushikwa mkono, watoto wenye midomo iliyopasuka, na kila familia ilikuwa na mitungi mitupu. Niliiona ile mitungi, nikajiambia ni ya kukalia.

Walilia kwa haki. Sitaki mtu aseme nilisema walikuja kwa ajili ya maji, maana yule mzee alipendwa. Lakini mwanamke aliyezoea kukwangua tope, akifika mahali maji yanatoka kwenye mpira bila foleni, kilio chake hakiwezi kubaki kilio tu. Nilimwona mama mmoja mtu mzima akishika ncha ya ule mpira na kujimwagia miguuni. Alisimama tu hivyo, anatazama maji yanavyopotelea mchangani, midomo inamcheza. Nilikuwa nimekwenda kumwambia mtu afunge. Nikarudi nyumbani.

Wakaoga. Wakaogesha watoto, wakafua nguo walizokuja nazo, na wakawanywesha mbuzi waliokuwa wachinjwe kesho yake. Tangi likaisha jua halijafika utosini. Mume wangu, yule wa kiti, yule aliyemrudisha dada yangu, akainuka akawasha pampu.

Nilimfuata pale pale. "Baba, kisima si kilale?"

"Watu wanalia."

"Wanalia na kufua."

"Wataka nikafunge mpira, na maiti iko ndani kwa watu?"

"Funga mchana, ufungue jioni. Si ndivyo unavyotufanyia sisi wote?"

"Nyinyi hamkufiwa," akasema, akaangalia pembeni.

Nilijua mawazo yake yalikuwa wapi. Babake alikufa huko juu mwaka mmoja wa kiangazi, na maji ya kumwoshea yalibidi yanunuliwe kwa bwana mmoja mwenye tangi. Yule bwana alijua hawana kwingine pa kwenda, akapandisha bei asubuhi ile ile. Mume wangu, wakati huo kijana, ndiye aliyetumwa. Alirudi na mtungi mmoja, na wakamwosha mzee wao kwa kitambaa kilicholoweshwa, sehemu kwa maji na sehemu kwa dua. Jambo hili alinihadithia mara moja tu katika ndoa yetu yote, na hakunitazama wakati akilisema. Sasa mwenye tangi alikuwa yeye. Ungemwekea bunduki kichwani, asingewafungia wafiwa.

Pampu ikapiga mchana kutwa. Ikapiga siku iliyofuata na zilizofuata. Mzee akazikwa kwa heshima, kwaya ikaimba mpaka sauti ikawakauka, watu wakala wakashiba. Nikadhani baada ya maziko wataondoka. Hawakuondoka. Matanga yakaanuliwa, wakasema wanangoja lori. Lori likaja, ikasemekana lina kasoro ya gurudumu. Mjane mwenyewe alinijia ukutani, macho yamemvimba, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nitawaambiaje waende? Wanarudi kwenye nini huko?" Nilimpelekea mchele.

Nilikuwa nimeuzoea ukimya wa kisima chetu mchana. Sasa ile ngurumo haikukoma, na kila nilipoisikia ilikuwa kama mtu anauchota uzee wangu kwa ndoo na kuumwaga mchangani. Nilikasirika mpaka nikaogopa hasira yangu. Nilimkasirikia marehemu kwa kufa mwaka ule. Nilizikasirikia mila zetu, ambazo zilitungwa na watu waliochota kwa kata, hawakujua pampu. Kisha naingia jikoni, namwona mtoto wa watu kupitia dirishani anakunywa maji kwa mikono miwili mpaka tumbo linavimba, na hasira inakosa pa kukaa.

Asubuhi waliyoondoka walijaza mitungi yote, ile niliyosema ni ya kukalia. Waliipanga lorini, wakaifunika kwa makuti isipate jua. Yule mama mtu mzima alikuja akanishika mikono yote miwili. "Mungu asikikaushe kisima chako, mwanangu," akasema. Nikaitikia amina. Na Mungu alimsikia, maana mpaka leo hakijakauka.

Siku hiyo hiyo nilikaa kufua mashuka tuliyowaazima wageni. Nikasugua sabuni. Povu halikuja. Nikaongeza sabuni, nikajidanganya kwamba ni mafuta ya pilau kwenye nguo. Nikamwaga maji, nikachota mengine, nikachukua kitambaa safi. Uji uliokatika. Niliketi pale mikono imezama kwenye karai, na sikuonja, maana sikuwa na haja ya kuonja. Mume wangu akanikuta hivyo. Alichovya kidole, akakiweka ulimini, akakaa nacho kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki. Kisha akaenda akazima pampu, akakalia kiti chake.

Wateja wetu ni watu wa pwani, kwa hivyo hawakusema kitu. Mmoja alikuwa na akiba kidogo nyumbani. Mwingine mkokoteni wake ulikuwa na pancha, na pancha hiyo haijazibwa hadi leo. Ningependelea wanitukane. Ni mpangaji mmoja tu, kijana kutoka bara, aliyenipa heshima ya kuniambia kweli. "Mathee, hii maji imeharibika. Chai inatoka kama supu." Nikamshukuru. Nikasikia pia kwamba kwenye foleni ya kisima kingine kuna mwanamke alisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na wenziwe wakacheka. Sijui tulimchimbia nani ubaya.

Fundi tulimwita. Alionja, akatema, akasema tupumzishe pampu kabisa, huenda mvua ikija maji matamu yakayasukuma yale ya chumvi yakarudi chini. Huenda. Akasema pia pengine kosa si la matanga peke yake. Nyuma yetu kuna ghorofa mpya inayovuta maji usiku na mchana kwa ajili ya wapangaji wake, mbele yetu kuna nyingine, na kila mwenye kiinua mgongo Kisauni nzima amekwisha kulisikia neno fursa. Sote tunanyonya kwenye bakuli moja, kila mmoja na mrija wake.

Sikutaka kusikia hivyo. Ningepata mtu mmoja wa kumlaumu ningepata usingizi. Marehemu simlaumu, wenye kiu siwalaumu, na mume wangu nimejaribu kumlaumu nikashindwa. Kila mtu alifanya kama alivyolelewa, na kisima kimekufa hivyo hivyo. Ng'ombe wa maskini hazai, tunasema, na akizaa huzaa dume. Wetu alizaa jike, tukamkama kidogo, kisha maziwa yakageuka chumvi.

Mvua zilikuja hatimaye, zikatutania. Kwa siku chache povu likapanda nusu, tukawatumia wateja habari, wakaja wawili, na kabla ya Jumapili chumvi ilikuwa imerudi. Kijana wa suti naye alirudi kanisani, safari hii na picha za mashine ya kuchuja chumvi. Alituambia kwamba uhaba wa maji matamu ndio fursa ya kizazi hiki. Niliondoka kabla ya sala ya kufunga, nami si mtu wa kuondoka ibadani. Njiani nilitembea nikisema peke yangu kama mwendawazimu.

Siku hizi nanunua maji kwa wenye mikokoteni wale wale waliokuwa wakinunua kwangu. Mmoja aliona haya kupokea malipo mara ya kwanza, mara ya pili akapokea. Mgongo hauniruhusu tena kubeba, kwa hivyo nanunua kidogo, tunaoga kidogo. Uzee tuliouweka chini ya mwamba ndio huu.

Mume wangu ndiye asiyekubali. Hospitalini walimpima presha, wakampima tena kwa kutoamini, wakamkataza chumvi. Nimeiondoa chumvi jikoni kabisa, mchicha wetu sasa unalika kama majani ya mbuzi. Lakini kila asubuhi, saa yake ile ile, anawasha pampu kidogo, anakinga maji kwenye kikombe cha bati, anakwenda kusimama langoni mahali wapita njia watamwona, na anakunywa. Anakunywa chote, polepole, bila kukunja uso, ili watu waone kwamba maji yake yananyweka. Wanamwona. Wanampa shikamoo, wanapita na mitungi yao.

Nimemsihi. Nimemficha kikombe, akatumia kifuniko cha chupa ya chai. Nimemletea mchungaji, wakaongea habari za mpira na siasa, mchungaji akaenda zake. Ananijibu kwamba maji yanajirudi kidogo kidogo, na mtu asiyeyaonja kila siku hawezi kulijua hilo. Anasema maji yaliyotolewa kwa wafiwa hayawezi kuharibika moja kwa moja, hata Mungu asingefanya hivyo.

Wiki hii alinifuata jikoni na kikombe mkononi. Uso ulikuwa umemvimba chini ya macho, kama unavyokuwa asubuhi siku hizi.

"Mama, hebu onja," akasema. "Leo chumvi imepungua."

Nikaonja. Haikupungua hata chembe. Yalikuwa maji ya kuchemshia muhogo bila kuongeza kitu. Nilitaka kumwambia hivyo, kwa sauti kubwa, na nimwambie pia kwamba anajiua mbele ya macho yangu. Nikaona anavyonitazama mdomo, na nikajua kwamba nikisema kweli hakutakuwa na kitu cha kumtoa kitandani kesho.

"Imepungua," nikamwambia.

Akacheka, mara ya kwanza tangu matanga. Akachukua kikombe, akaenda akakinga kingine, akarudi akakinywa chote pale pale mbele yangu.